Kusaka dawa kwenye kuvu za jangwani: mwongozo kamili, kutoka mchangani hadi kemikali safi

Jangwa likitajwa, watu huwaza mchanga mtupu. Nyunyiza mchanga huo kidogo tu juu ya sahani yenye chakula cha kuvu, uiache siku saba, kisha ufungue kabati uone. Kuna manyoya meusi, duara za kijani, unga wa rangi ya mdalasini, na pengine juu ya manyoya hayo kumekaa tone dogo la majimaji ya dhahabu au mekundu, mithili ya jasho. Tone kama hilo hubeba kemikali ambazo kuvu imezitengeneza na kuzitoa nje. Hizo ndizo tunazozisaka.

Kuvu haiwezi kukimbia jua wala adui. Silaha yake ni kemia. Jangwani mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 250, na uso wa mchanga unaweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi mchana. Matone yakianguka, kila kijidudu kinakurupuka kugombea unyevu ambao haudumu. Anayeishi hapo anahitaji rangi nyeusi ya melanini kumkinga na mionzi, sukari na gliseroli za kuzuia maji yasimtoke mwilini, na sumu za kumsukuma jirani. Baadhi ya sumu hizo, zikipimwa vizuri, huua bakteria au huzuia seli za saratani.

Jambo moja nalisema mapema kwa sababu ndilo linalowaangusha wengi: kuvu ikishafika maabara ikapewa sukari tele, maji safi na joto la wastani, mara nyingi hunyamaza. Haina tena sababu ya kupigana. Kwa hiyo sehemu ndefu kuliko zote humu ni ya kulisha. Kukusanya mchanga ni kazi ya siku moja.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi au mtafiti mwenye maabara ya mikrobiolojia yenye kabati la usalama wa kibiolojia, otoklevu (ule mtungi wa mvuke wenye shinikizo), na njia ya kufikia mashine za kemia hata kama ni za kuazima. Kama unatafuta dawa ya kuchemsha jikoni, ishia hapa. Kuvu hizihizi hutengeneza pia sumu za ini na figo, na huwezi kuzijua kwa macho.

Kabla ya kushika kijiko

Mwaka 1969 mfanyakazi wa kampuni ya dawa ya Uswisi alikuwa likizoni Norwe, akachota udongo na kurudi nao. Ndani yake ilipatikana kuvu Tolypocladium inflatum, na kutoka kwayo siklosporini, dawa iliyobadilisha kabisa upandikizaji wa figo na ini. Hadithi tamu. Leo ukifanya hivyo katika nchi nyingi utakuwa umevunja sheria. Itifaki ya Nagoya ilipitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika Oktoba 2014. Inataka mambo mawili: idhini ya nchi yenye udongo kabla hujachukua, na makubaliano ya maandishi ya jinsi faida itakavyogawanywa. Kila nchi ina utaratibu wake, kwa hiyo anza na mamlaka ya utafiti au ya mazingira ya nchi husika. Jamii inayoishi pale nayo iulizwe, hasa kama ni wao waliokuonyesha uyoga fulani na matumizi yake. Anza karatasi hizi miezi kadhaa kabla ya safari. Barua ikichelewa, mvua haitakusubiri.

La pili ni mapafu yako. Katika majangwa ya Amerika, yaani kusini-magharibi mwa Marekani, Meksiko na sehemu za Amerika ya Kati na Kusini, mchangani huishi kuvu Coccidioides, inayoleta homa ya bonde. Spora zake, yaani mbegu zake ndogo mno, hupeperuka na vumbi. Mtu akizivuta, homa, kikohozi na uchovu huanza wiki moja hadi tatu baadaye. Wengi hupona wenyewe, lakini wapo ambao ugonjwa huwaingia kwenye mifupa na utando wa ubongo. Kwenye sahani huonekana kama pamba nyeupe isiyo na hatari yoyote, na hapo ndipo watu wa maabara walipoumia. Ukifanya kazi na udongo wa maeneo hayo, sahani zizibwe pembeni kwa utepe, zifunguliwe ndani ya kabati tu, na pamba nyeupe inayokua haraka usiinuse wala usiichokonoe. Iende kwenye maabara ya usalama wa ngazi ya tatu. Kwingineko hatari hii haipo, ila Aspergillus fumigatus ipo karibu kila mahali, kwa hiyo barakoa ya N95 unapochimba na kuchekecha si ya hiari. Mwenye kinga dhaifu asifanye kazi hii kabisa.

Kuchukua mchanga

Usichote katikati ya tambarare tupu ukategemea bahati. Jangwani uhai hujikusanya chini ya vichaka, ambako majani yaliyoanguka, kivuli na kinyesi cha wanyama huunda visiwa vidogo vya rutuba. Kwa uzoefu wangu, sampuli tatu za maana kwa kila eneo ni hizi: udongo unaong'ang'ania mizizi ya mmea, ukoko mgumu wa juu ya ardhi ambamo mwani, bakteria, kuvumwani na kuvu vimeshikana, na vipande vya mmea wenyewe. Udongo wa uwazi kati ya vichaka uchukue pia kwa kulinganisha. Huwa na kuvu chache, lakini nyingi kati yake ni nyeusi zenye melanini, na hizo hazijachunguzwa sana.

Fagia takataka za juu. Futa kijiko cha chuma kwa spiriti, kiunguze, kiache kipoe. Chimba sentimita tano za kwanza, chota sehemu tano kuzunguka kichaka kimoja, changanya, upate gramu 100 hivi. Tia kwenye bahasha ya karatasi isiyowahi kutumika, si mfuko wa plastiki, maana jasho kidogo ndani ya plastiki linatosha kuamsha kuvu moja ikala nafasi ya nyingine zote kabla hujafika. Weka kivulini, kisha kwenye friji ya nyuzi 4.

Andika palepale: kipimo cha GPS, tarehe, saa, joto la mchanga, kina, jina la mmea, na picha. Tumia penseli. Nilipoanza niliandika lebo kwa kalamu ya wino, kichupa cha spiriti kikamwagika ndani ya begi, na nikarudi na bahasha kumi na nane za buluu zisizo na jina.

Kuna pia njia ya uyoga mkubwa, ambayo haianzi na sahani. Kamaa, yaani zile kuvu za Terfezia na Tirmania zinazokua chini ya mchanga wa Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati zikishirikiana na mizizi ya vichaka vya Helianthemum, zimesemwa kwenye hadithi ya Mtume kwamba ni katika mana na maji yake ni ponya ya jicho. Mwaka 2004 watafiti wa Jordan walichapisha kwamba maji yaliyokamuliwa kutoka Terfezia claveryi yalizuia bakteria Staphylococcus aureus maabara. Jamaa yake wa Kalahari ni Kalaharituber pfeilii. Kuna pia Podaxis pistillaris, uyoga mrefu wenye kofia iliyofungika, ambao watu wa maeneo kadhaa ya jangwa wameutumia kwa magonjwa ya ngozi. Sampuli ya Yemen ilichunguzwa na mwaka 2006 ikaripotiwa kuwa na viuabakteria vinavyoitwa epikorazini. Ukipata uyoga wa aina hii, ukate, uukaushe kwa nyuzi 40, uusage, kisha uruke moja kwa moja hadi sehemu ya kukamua. Na kamwe usidondoshe mkamuo wa kienyeji jichoni mwa mtu. Kuzuia bakteria kwenye sahani na kutibu jicho ni vitu viwili tofauti, na mkamuo ambao haukutakaswa una bakteria wake wenyewe.

Kuotesha

Chukua gramu 10 za mchanga, tia kwenye mililita 90 za maji yaliyouawa vijidudu, yenye tone la Tween 80, aina ya sabuni, ili spora zisishikane. Tikisa nusu saa. Hiyo ndiyo 1/10. Chota mililita 1, tia kwenye mililita 9 za maji safi: 1/100. Endelea hadi 1/10,000. Paka mililita 0.1 ya kila hatua kwenye sahani, sahani tatu kwa kila hatua.

Hesabu yake ni nyepesi. Ukipata koloni 23 kwenye sahani ya 1/100, zidisha 23 kwa 100, halafu kwa 10 kwa sababu ulipaka sehemu ya kumi ya mililita. Jibu ni kuvu 23,000 kwa gramu. Namba hii haitakupa dawa, ila itakuonyesha kama sampuli iliungua njiani.

Chakula cha kawaida ni agari (jeli itokanayo na mwani) ya viazi na glukosi: maji ya viazi gramu 200 vilivyochemshwa na kuchujwa, glukosi gramu 20, agari gramu 15, vyote kwenye lita moja, otoklevu nyuzi 121 kwa dakika 15. Ongeza kloramfenikoli miligramu 100 kwa lita ili bakteria wasitangulie. Lakini ukitumia chakula hicho pekee utavuna Aspergillus na Penicillium zilezile ambazo kila mtu anazo. Tengeneza pia:

- agari ileile yenye nusu ya virutubisho, au hata robo;
- agari ya DG18, yenye gliseroli nyingi, kwa kuvu zilizozoea ukame;
- agari ya Czapek yenye chumvi ya mezani gramu 100 kwa lita, kwa zile za mabonde ya chumvi.

Weka seti moja kwenye nyuzi 28, nyingine 37, nyingine 45. Ya 45 itakuwa na koloni chache, na kila moja ina thamani.

Kuna ujanja wa zamani unaofanya kazi vizuri mno kwa udongo wa jangwani. Kabla ya kupaka, loweka sehemu ya mchanga kwenye ethanoli ya asilimia 60 kwa dakika tano hadi nane, au pasha mchanganyiko wake hadi nyuzi 75 kwa dakika 30. Spora laini zinazopeperuka hufa. Zinazobaki ni zile zenye ganda gumu, kama Chaetomium na jamaa zake, na familia hiyo ina historia nzuri ya kutoa kemikali.

Kwa vipande vya mmea, osha kwa maji, zamisha kwenye ethanoli ya asilimia 70 dakika moja, dawa ya kuondoa madoa yenye klorini dakika tatu, ethanoli tena sekunde 30, kisha suuza. Maji ya kusuuza ya mwisho yapake kwenye sahani yake peke yake. Sahani hiyo ikiota, kuvu zako zilikuwa juu ya jani, hazikuwa ndani, na huna haki ya kuandika kwamba ziliishi ndani ya mmea.

Kosa la hapa ni haraka. Zenye mbio hujaa sahani siku ya tano na mtu huridhika. Zile nyeusi zinazojikunja kama punje za pilipili manga huchukua wiki nne hadi nane. Usitupe sahani. Ziba pembeni zisikauke, na kila baada ya siku mbili hamisha kila koloni mpya kwenye sahani yake.

Kutenganisha na kuzipa majina

Chukua ncha ya uzi mmoja wa pembeni mwa koloni, chini ya darubini ukiweza, uhamishe. Rudia mara mbili. Koloni safi ina sura moja pande zote.

Majina ya jenasi mengi utayapata kwa slaidi yenye rangi ya buluu ya laktofenoli: kichwa cha Aspergillus, ufagio wa Penicillium, kibuyu chenye nywele cha Chaetomium. Kwa spishi unahitaji DNA. Toa DNA, kuza eneo la ITS (kipande cha DNA kinachotumika kutambulisha kuvu) kwa praima ITS1 na ITS4, yaani vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia, peleka kusomwa, linganisha na hifadhi za UNITE na GenBank. Kwa Aspergillus na Penicillium ITS haitoshi. Ongeza jeni ya kalmodulini au ya beta-tubulini. Majina hayo yatakuokoa baadaye: ukijua una Aspergillus terreus, unajua kabla ya kuanza kwamba huenda ukakutana na lovastatini, dawa ya kupunguza kolesteroli iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1987.

Siku hiyohiyo, kabla hujafanya jaribio lolote, hifadhi kila kuvu. Njia iko mwishoni, lakini fanya sasa.

Kulisha

Hapa tutakaa.

Timu ya Chuo Kikuu cha Arizona imechunguza kwa miaka mingi kuvu za mimea ya jangwa la Sonora. Kwenye udongo wa mizizi ya dungusi Opuntia leptocaulis walipata kuvu Paraphaeosphaeria quadriseptata, nayo ikatoa monosilini I, kemikali inayobana protini Hsp90 ambayo seli za saratani huitegemea sana. Baadaye wakabadilisha kitu kimoja kwenye chakula cha kuvu hiyo: badala ya maji ya bomba, wakatumia maji yaliyokenekwa, yaani mvuke uliopozwa ukawa maji tena. Kuvu ileile, viazi vilevile. Zikatoka kemikali sita mpya ambazo hazikuwa zimeripotiwa popote. Kwenye utafiti huohuo wa mwaka 2007, kuvu nyingine, Chaetomium chiversii iliyoishi ndani ya mmea wa Ephedra, ilikuwa ikitoa radisikoli kwenye chakula kigumu. Ilipohamishiwa kwenye chakula cha majimaji ikatoa ketokromini A.

Soma aya hiyo mara mbili. Kubadilisha maji peke yake kuligeuza kazi nzima ya kiwanda cha kuvu. Jeni za kutengeneza kemikali hizi hukaa makundi makundi kwenye DNA, na mengi yamelala. Huamshwa na ishara za mazingira. Mjerumani Axel Zeeck na wenzake waliipa mbinu hii jina la OSMAC: kuvu moja, kemikali nyingi. Huna haja ya mashine ya ghali. Unahitaji chupa nyingi na daftari.

Kwa kila kuvu, anza na vyakula vinne. Mchele: gramu 100 na maji mililita 110 kwenye chupa ya koni ya mililita 500, uache ulowe usiku kucha, otoklevu, pandikiza vipande vitano vya agari yenye kuvu, uache umetulia siku 21 hadi 30. Majimaji ya viazi na glukosi, kwenye mashine ya kutikisa, siku 14. Majimaji yaleyale bila kutikiswa. Na majimaji yaleyale yakiwa na chumvi gramu 50 kwa lita. Mchele hushinda mara nyingi, sijui mtafiti wa kuvu asiyeupenda: kuvu hupata sehemu ngumu ya kushika, hewa kati ya punje, na chakula kinachoachiliwa polepole.

Ukishaona vinne hivyo vimetofautiana vipi, ndipo uanze kuchokoza. Geuza maji. Ongeza shaba au zinki kwa kiasi kidogo mno. Weka chupa moja gizani na nyingine kwenye mwanga. Acha sahani ikauke hadi ipasuke, kisha uinyunyizie maji, kama mvua ya jangwani. Au mletee jirani: siku ya tano mwagia Bacillus subtilis kwenye chupa ya kuvu uone kama itajitetea. Badilisha kimoja tu kwa wakati. Ukibadilisha vitatu na kupata kitu kizuri, utatumia miezi kutafuta ni kipi kilichofanya kazi.

Na kila mara, kila mara, weka chupa moja ya chakula kilekile isiyopandikizwa chochote, ikae siku zilezile, ikamuliwe vilevile. Bila hiyo hujui kilichotoka kwa kuvu na kilichotoka kwa mchele.

Andika aina ya maji unayotumia. Maabara nyingi huandika "maji" tu.

Kukamua

Mimina ethili asetati hadi ifunike mchele, vunja madonge kwa fimbo ya kioo, acha usiku kucha chini ya kabati la kuvuta mvuke, chuja. Rudia mara tatu. Kwa majimaji, chuja nyuzi kwanza, kisha kamua maji kwa ethili asetati ya ujazo ulio sawa nayo, mara tatu. Ondoa unyevu kwa salfeti ya sodiamu kavu, vukiza kwa mashine inayozunguka, joto lisipite nyuzi 40. Pima uzito wa kilichobaki.

Mkamuo wa mchele huwa na mafuta mengi. Uyeyushe kwenye methanoli ya asilimia 90, utikise pamoja na heksani, tupa tabaka la juu baada ya kulihifadhi kidogo kwa ukaguzi. Mafuta yasipoondolewa yatakudanganya kwenye vipimo, maana asidi za mafuta huua bakteria kadhaa.

Tumia vyombo vya kioo. Ethili asetati huvuta vilainishi vya plastiki kutoka kwenye mirija na vifuniko, na kilainishi maarufu huonekana kwenye mashine ya kupima masi (uzito wa molekuli) kama kilele cha 391.28. Kila mwaka mtu mahali fulani husherehekea kilele hicho.

Kupima

Anza na kipimo cha bei nafuu kinachochuja wengi. Yeyusha mkamuo kwenye DMSO, miligramu 10 kwa mililita. Paka bakteria kwenye agari ya Mueller-Hinton kwa ukungu wa 0.5 McFarland (kipimo cha wingi wa bakteria kwenye majimaji), weka vidisko vya milimita 6 vilivyolowa mkamuo, saa 16 hadi 18 kwenye nyuzi 35. Jaribu angalau bakteria Staphylococcus aureus na Escherichia coli, na hamira Candida albicans. Weka kidisko cha DMSO peke yake, cha antibiotiki inayojulikana, na cha mkamuo wa chupa isiyopandikizwa. Duara kuzunguka kidisko ni habari njema, ila usipime ukubwa wake ukadhani ni nguvu: kemikali nzito husambaa polepole kwenye agari na hutoa duara dogo hata ikiwa kali.

Kipimo chenye uzito ni cha sahani ya visima vidogo 96: mkamuo unazimuliwa nusu kwa nusu, bakteria 500,000 kwa mililita, na unatafuta kiwango cha chini kabisa kinachozuia ukuaji.

Ukiona duara kubwa ajabu, pima kwanza asidi ya mkamuo. Aspergillus niger humwaga asidi ya sitriki, na asidi peke yake inaweza kusafisha sahani.

Kisha jiulize swali ambalo wengi huahirisha: inaua nini kingine? Ijaribu kwenye seli za kawaida za binadamu. Gawa kiwango kinachoua nusu ya seli hizo kwa kiwango kinachozuia bakteria. Ukipata chini ya 10, umepata sumu ya jumla. Weka kumbukumbu, songa mbele.

Kumtambua wa zamani

Kati ya mikamuo inayofanya kazi, mingi imebeba kemikali ambayo mtu mwingine ameshaieleza. Hilo halikwepeki, jambo la maana ni kulijua wiki ya kwanza badala ya mwaka wa pili. Kabla ya kuanza kutakasa, pitisha mkamuo kwenye kromatografia, mashine inayotenganisha kemikali, iliyounganishwa na mashine ya kupima masi, chukua vilele vikubwa, tafuta masi zake kwenye hifadhi ya wazi ya Natural Products Atlas ukichuja kwa jenasi ya kuvu yako.

Mfano wa karibu: una Chaetomium, na mkamuo wake unatoa kilele cha 365.08. Pembeni yake kipo cha 367.08 chenye urefu wa theluthi moja. Uwiano huo wa tatu kwa moja ni alama ya atomu moja ya klorini, kwa sababu klorini ya asili ni mchanganyiko wa atomu za uzito wa 35 na 37. Klorini, masi hiyo, jenasi hiyo: karibu kwa hakika unatazama radisikoli, C18H17ClO6, inayojulikana tangu 1953.

Usivunjike moyo upesi, hata hivyo. Radisikoli ilikaa miongo kadhaa kabla watu hawajagundua kwamba inabana Hsp90. Lakini jua pia upande wa pili: kemikali hiyohiyo, kali kwenye sahani, huvunjika ndani ya mwili wa mnyama kabla haijafanya kazi, na kilichoendelea ni molekuli zilizochongwa upya na wanakemia. Kemikali ya zamani yenye kazi mpya ni ugunduzi halali. Sema tu wazi kwamba ni ya zamani.

Isipopatikana popote, ndipo ufanye kazi ya jasho. Otesha chupa 20 au 30 za mchele badala ya moja, gawa mkamuo kwa safu ya silika, pima kila sehemu dhidi ya bakteria, fuata inayofanya kazi tu, malizia kwa HPLC, kromatografia ya shinikizo kubwa. Kwa NMR, mashine inayoonyesha umbo la molekuli, lenga miligramu kadhaa safi. Umbo la molekuli likishakamilika, pima tena nguvu yake ikiwa safi. Mara nyingine nguvu hupotea, maana yake zilikuwa kemikali mbili zikisaidiana na umezitenganisha.

Kutunza kuvu

Kuvu iliyohamishwa sahani hadi sahani mwezi baada ya mwezi huchoka. Hukua vizuri, hupendeza, na haitoi tena ile kemikali. Kwa hiyo siku uliyoipata safi, kata vipande vya agari, tia kwenye vichupa kumi vyenye gliseroli ya asilimia 20, nyuzi 80 chini ya sifuri. Kama huna friji hiyo, vipande vilevile ndani ya maji yaliyouawa vijidudu kwenye chupa iliyofungwa vizuri huishi miaka kwenye joto la kawaida la chumba. Peleka nakala moja kwenye hifadhi ya kuvu inayotambulika, kwa masharti ya kibali chako.

Kwa kila jaribio jipya fungua kichupa kipya, usianze na sahani ya jana. Andika kwenye daftari ni kizazi cha ngapi, yaani imehamishwa mara ngapi. Mkamuo wa kizazi cha nane ukikosa kilele kilichokuwepo kizazi cha kwanza, usibadilishe chakula, usibadilishe maji. Rudi kwenye kichupa namba moja, uoteshe mchele upya, ulinganishe mikamuo miwili kwenye sahani moja.